Hesabu ya Mstari wa Chepngeno

Kila asubuhi kabla ya shule Chelangat alichuma pareto pamoja na mama yake, Tapkigen. Waliondoka nyumbani jua likiwa halijatokeza, kila mmoja na kikapu chake kiunoni, wakafuata njia ya matope hadi sehemu waliyopangiwa. Shamba lao liliitwa Tolwet, nalo lilikuwa kwenye miinuko iliyo juu ya Njoro, karibu na msitu wa Mau. Huko baridi ya asubuhi ni kali. Maua ya pareto huwa yamelowa umande, na ukishajaza kikapu kimoja vidole havisikii kitu. Saa tatu kipande cha reli kilichotundikwa nje ya stoo kiligongwa. Hapo Chelangat alimwachia mama yake kikapu, akanawa miguu mferejini, akakimbia shuleni.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikuwa darasa la nne. Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mbao, na mwalimu alikuwa mmoja tu, Mwalimu Barasa, aliyetoka upande wa Kakamega. Katika hesabu hakuna mtoto aliyemshinda Chelangat. Hata nyapara wa shamba, Mzee Kipketer, alilijua jambo hilo, kwa sababu mara mbili alimwita stooni amsaidie kuhesabu magunia.

Mwaka ulikuwa 1957, na hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni kwa sababu ya Mau Mau ilikuwa bado haijaondolewa. Safu moja ya nyumba za wafanyakazi ilikuwa tupu, milango imeng'olewa, tangu siku familia za Wakikuyu zilipopakiwa kwenye malori na kuondolewa. Nyakio, rafiki yake Chelangat, alikuwa katika lori mojawapo. Hakuna aliyejua alikopelekwa. Tangu siku hiyo watu wa Tolwet walizoea kusema kwa sauti ya chini, na watu wachache wakisimama pamoja walitawanyika wenyewe kabla ya kuambiwa.

Mwezi wa Machi mwaka huo Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Si wote walioruhusiwa. Ilibidi mtu awe na elimu ya kiasi fulani, au mapato ya kiasi fulani, au awe ametumika miaka mingi. Katika Tolwet nzima aliyepiga kura alikuwa Mwalimu Barasa peke yake. Aliporudi, wanafunzi walimwuliza maswali mpaka kipindi kikaisha.

"Wanawake walikuwapo, mwalimu?" Chelangat aliuliza.

"Niliwaona watatu kwenye foleni," mwalimu alijibu. "Mmoja alikuwa mwuguzi, mwingine mwalimu. Wa tatu sikumjua."

Kesho yake Chelangat aliwasimulia wachumaji. Wengi walicheka kidogo, wakaendelea na kazi. Mmoja hakucheka. Huyo alikuwa Chepngeno, mjane mwenye watoto watatu, ambaye mume wake alikufa kwa kuangukiwa na gogo msituni. Chepngeno ndiye aliyewazalisha wanawake wa Tolwet.

"Hao watatu," alisema, "waliachwa wakaingia?"

"Mwalimu anasema waliingia."

Chepngeno aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye maua yake.

Mwezi wa Juni, asubuhi moja ya ukungu, mwanamke aitwaye Akeyo alishikwa na uchungu wa kuzaa katikati ya pareto. Akeyo alikuwa mke wa dereva wa trekta, na mimba hiyo ilikuwa ya kwanza. Chelangat alikuwa mstari wa pili kutoka kwake. Alimwona akipiga magoti, akishika mashina ya maua kwa mikono miwili. Wanawake walimfunika kwa makoti yao na Chepngeno akaitwa.

Baada ya kitambo Chepngeno aliinuka. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mtoto amekaa vibaya," alisema. "Mimi siwezi. Huyu anataka hospitali ya Nakuru, na anataka sasa hivi. Chelangat, kimbia stooni, mwambie nyapara alete lori."

Chelangat alikimbia. Lori lilikuwa pale mbele ya stoo, limeshapakiwa magunia ya pareto kavu. Dereva alikuwa ameegemea mlango. Mzee Kipketer alimsikiliza Chelangat hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Lori linaondoka saa sita na mzigo," alisema. "Meneja ameenda Nakuru, na mimi sina amri ya kupakia watu. Waambie wasubiri."

"Chepngeno amesema Akeyo hawezi kusubiri, mzee."

"Wanawake husema hivyo kila mara."

Chelangat aliporudi na jibu hilo, wanawake waling'oa mlango wa kibanda cha vikapu, wakamlaza Akeyo juu yake, wakambeba wao wenyewe. Walipita mbele ya stoo, mbele ya lori. Dereva aliangalia chini. Walikuwa wanakusudia kufika barabara ya Njoro, labda wapate gari la kuwachukua. Hawakufika. Kwenye geti la shamba Chepngeno aliwaambia waushushe mlango, akamfunika Akeyo uso. Mtoto naye hakupona.

Saa sita kamili lori likapita pale getini. Wanawake walikuwa bado wamekaa kando ya njia.

Baada ya maziko, kwa siku nyingi, watu hawakulizungumza jambo hilo waziwazi. Lakini wachumaji walipokuwa wameinama kwenye mistari, nyapara akiwa mbali, maneno yalitoka moja moja. Nani angemwambia meneja? Wanawake hawakuwa na mtu. Kila jambo lao lilipita kwa Kipketer, na Kipketer ndiye aliyekataa lori.

Katikati ya Julai tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa stoo. Meneja, Mzungu aliyeendesha shamba kwa niaba ya wenyewe walioishi Ulaya, alikuwa ameiahidi ofisi ya kazi ya Nakuru kwamba Tolwet itakuwa na baraza la wafanyakazi. Kungekuwa na wajumbe wanne: mmoja wa ng'ombe wa maziwa, mmoja wa matrekta, mmoja wa msitu, na mmoja wa pareto. Wafanyakazi wa kila sehemu wangemchagua wao kwa kupanga mstari nyuma ya mtu wamtakaye. Kila mtu alijua kwamba kiti cha pareto kilikuwa kimeshawekewa Malakwen, shemeji yake Kipketer, aliyesimamia kiwanda cha kukaushia maua.

Jioni hiyo Chepngeno alimshika Chelangat mkono, akamsimamisha mbele ya tangazo.

"Nisomee."

Chelangat alisoma. Alipofika sehemu ya wanaoruhusiwa, Chepngeno alimzuia.

"Soma tena hapo."

"'Kila mfanyakazi mwenye tiketi ya kazi anaweza kuchagua na kuchaguliwa.'"

"Imesema mwanamume?"

"Hapana. Imesema mfanyakazi."

"Mimi nina tiketi, na kila mwezi inawekwa sahihi," Chepngeno alisema. Aliitazama ile karatasi kwa muda, ingawa hakujua kusoma. "Basi mimi pia nitasimama."

Habari hiyo ilienea Tolwet yote kabla ya giza kuingia. Wazee wengine walikasirika. Walisema haijaonekana mwanamke akisimama mbele ya watu kugombea cheo na wanaume. Tapkigen alisema nyumbani kwamba atapanga mstari wa Chepngeno. Mume wake, Kosgei, aliyekamua ng'ombe wa meneja, alisema, "Uangalie tu usituponze."

Uchaguzi ulifanyika Jumamosi mchana. Mwalimu Barasa ndiye aliyetakiwa kuhesabu, lakini siku moja kabla Kipketer alimpa barua ya kupeleka ofisi ya kazi, Nakuru. Kwa hiyo meneja alipofika na gari lake na kuuliza nani anayejua hesabu, nyapara alimsogeza mbele Chelangat.

"Huyu ni mtoto wa shule, bwana. Hana upande wowote."

Mvua ilikuwa inanyesha. Meneja alikaa ndani ya gari, kioo kikiwa kimefungwa. Mstari wa Malakwen ulisimama mbele ya kiwanda cha kukaushia, chini ya ukingo wa paa. Mstari wa Chepngeno ulianzia kwenye mlango wa pili, ukapita ubavuni, ukakata kona hadi nyuma ya kiwanda, ambako hakuna aliyeweza kuuona mwisho wake.

Chelangat alihesabu kwa kumgusa kila mtu begani. Mstari wa Malakwen ulikuwa na watu arobaini na wanane. Kisha akaufuata mstari wa Chepngeno. Alikata kona, akamgusa mama yake, aliyekuwa wa hamsini, na mama yake akamtabasamia. Akaendelea kuhesabu kwenye matope, hadi mtu wa mwisho. Sitini na moja. Alirudi mwanzo, akarudia hadi mwisho, akapata sitini na moja tena.

Alipoikaribia kona akirudi, akiwa bado nyuma ya kiwanda, alimkuta Kipketer amesimama peke yake, mbali kidogo na mstari.

"Wangapi?"

Chelangat akamwambia.

Kipketer hakupandisha sauti. "Utaandika arobaini na wanane kwa Chepngeno," alisema. "Sitini na moja utaandika kwa Malakwen."

"Lakini mzee, si hivyo."

"Baba yako anakaa nyumba ya nani? Tiketi yake inawekwa sahihi kwa neno la nani? Unaziona zile nyumba tupu kule chini. Hao pia walikuwa na watoto." Akampa penseli na karatasi. "Andika, mama. Mvua inatulowesha."

Chelangat aliiegemeza karatasi kwenye ukuta wa kiwanda. Aliandika kama alivyoambiwa. Kipketer aliichukua karatasi, akaipeleka kwenye gari. Meneja alishusha kioo kidogo, akaitazama, akatia sahihi.

Matokeo yalipotangazwa, wanawake walinung'unika. Chepngeno alisema, "Mimi nilihesabu hadi kona tu, na hadi kona tulikuwa zaidi ya arobaini." Lakini askari wawili wa shamba waliokuwa na bunduki walisogea, na mmoja akasema kwamba uchaguzi umekwisha na sasa huu ni mkutano bila ruhusa. Watu wakaondoka.

Nyumbani Chelangat hakula. Alitangulia kulala.

Yaliyofuata hakuyatarajia. Alidhani uovu wake ungeishia kwenye karatasi. Lakini wanawake walijua kwamba walikuwa wengi, na ile namba arobaini na nane iliwasumbua. Ikiwa namba ni ya kweli, basi wapo waliouacha mstari baada ya kukata kona. Ni akina nani? Wachumaji walianza kutazamana kwa mashaka. Mmoja alisema alimwona fulani akisogea upande wa Malakwen. Mwingine alisema mke wa mkamuaji hawezi kusimama kinyume cha nyapara. Mkamuaji huyo alikuwa Kosgei, na mke wake alikuwa Tapkigen.

Siku ya Jumatano Chelangat alimkuta mama yake akichuma peke yake mwisho wa shamba. Hakuna aliyetaka mstari wa jirani naye. Ilipofika saa ya kutwishana mizigo, ambapo kila mwanamke humtwisha mwenzake, hakuna aliyekuja kumtwisha Tapkigen. Alipiga magoti, akaingiza kichwa kwenye kamba ya gunia, akajaribu kuinuka mwenyewe mara tatu.

"Kwa nini hawakusaidii, mama?" Chelangat aliuliza, ingawa alijua.

"Wanasema niliwauza," Tapkigen alisema. "Mimi nilikaa kwenye mvua ile mpaka mwisho, na wanasema niliwauza."

Mwisho wa juma Kipketer alikataa kuipitisha tiketi ya Chepngeno. Alimwambia amewachochea watu, na kwamba mwezi ukiisha aondoke Tolwet yeye na watoto wake. Chepngeno hakuwa na pa kwenda. Watu wa marehemu mume wake hawakuwa na ardhi ya kutosha hata wao wenyewe. Kila jioni watoto wake walionekana wakifunga vitu kwenye magunia.

Jumapili, mama yake akimenya viazi, Chelangat alisimama mbele yake na kumwambia yote. Alimwambia ile sitini na moja, kona ya kiwanda, penseli, na maneno ya Kipketer. Hakuacha kitu. Tapkigen aliweka kisu chini. Aliyakusanya maganda yaliyokuwa miguuni pake.

"Unajua baba yako atapoteza kazi?"

"Najua."

"Na bado umesema."

"Siwezi tena kukuona ukibeba gunia peke yako."

Kosgei alipoingia na kuambiwa, alikasirika kuliko Chelangat alivyowahi kumwona. Alisema jambo limekwisha, na kwamba mtu mwenye watoto wanne hana nafasi ya kupigana na nyapara. Alisema Chepngeno alijitakia. Tapkigen alimwacha amalize.

"Mimi nilisimama kwenye ule mstari, Kosgei," alisema kwa upole. "Mimi ni mmoja wa hao waliofutwa. Ukisema tunyamaze, unaniambia mimi sikuwapo."

Kosgei alichukua koti lake. Alitoka nje, akakaa kwenye gogo la kupasulia kuni mpaka viazi vikapoa. Aliporudi alisema maneno machache tu. "Mpeleke kwa mwalimu. Mimi sitamzuia."

Mwalimu Barasa alimsikiliza Chelangat bila kumkatiza. Hakumwambia kwamba hakufanya kosa. Alisema mkaguzi wa kazi kutoka Nakuru angekuja Alhamisi, kama alivyokuja kila mwezi, naye alitakiwa kuitia sahihi ripoti ya baraza jipya.

"Nitakuwa karibu nawe," mwalimu alisema. "Lakini maneno lazima yatoke kinywani mwako. Wewe ndiwe uliyehesabu."

Mkaguzi alikuwa Mwafrika mwembamba aliyevaa koti la mvua, na alikuja kwa pikipiki. Alikuwa mtu wa haraka. Mwalimu alipomwambia kwamba mtoto ana neno, alitazama saa yake.

"Nimekuja kukagua posho na nyumba," alisema. "Ya kura si kazi yangu."

"Ripoti unayotaka kuitia sahihi ina uongo, bwana," Chelangat alisema, "na uongo huo niliuandika mimi."

Mkaguzi akamgeukia. Meneja, Kipketer na Malakwen walikuwa wamesimama pale pale, na wachumaji waliokuwa wakileta vikapu walisimama pia. Chelangat aliona sura ya baba yake upande wa zizi. Alisema yote, kama alivyomwambia mama yake.

"Mtoto huyu ametumwa," Kipketer alisema. "Amefundishwa na huyu mwalimu."

"Mwalimu alikuwa Nakuru siku hiyo," mkaguzi alisema. "Barua yako ndiyo iliyompeleka. Mimi ndiye niliyeipokea." Akamwinamia Chelangat. "Wa mwisho katika mstari wa Chepngeno alikuwa nani?"

"Bibi Tabutany, kule nyuma. Alikuwa amejifunika gunia. Mbele yake alikuwa binti yake, na mbele ya binti yake mke wa fundi."

Bibi Tabutany mwenyewe, kikongwe, alijisogeza kutoka kwenye kundi. "Ni kweli," alisema. "Alinigusa hapa begani, akasema sitini na moja. Nilimsikia. Nilikuwa nimenyamaza kwa sababu nilidhani macho yangu na masikio yangu yamezeeka."

Wanawake walianza kutazamana. Mmoja wao, aliyekuwa wa kwanza kumshuku Tapkigen, aliinamisha kichwa.

Mkaguzi alisema hawezi kuitia sahihi ripoti hiyo. Meneja alikasirika. Alisema kwa Kiingereza maneno ambayo Chelangat hakuyaelewa, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika kwamba wapange mstari tena, sasa hivi, na amalizane na jambo hili.

Safari hii mistari ilipangwa kwenye uwanja wa wazi mbele ya stoo, ambapo kila mtu alimwona mwenzake. Hilo lilikuwa jambo zuri, na pia lilikuwa la kutisha. Kipketer alisimama karibu na askari wawili, akawa anautazama uso wa kila mwanamke aliyeenda kwa Chepngeno. Wengine waliokuwa kwenye mstari ule wa kwanza hawakuthubutu. Walibaki ukutani na vikapu vyao. Tapkigen alitoka wa kwanza, akasimama nyuma ya Chepngeno bila kumtazama mtu yeyote. Nyuma yake akaja Bibi Tabutany, kisha wengine. Mwisho kabisa alikuja mume wa marehemu Akeyo. Yeye alikuwa mtu wa matrekta, na kura hiyo haikuwa yake. Mkaguzi alipomwambia arudi, alirudi pembeni, akabaki amesimama hapo akiwatazama mpaka kazi ikaisha.

Mkaguzi alihesabu mwenyewe mara mbili. Chepngeno alipata watu hamsini na wawili. Malakwen alipata arobaini na wanne.

Hakuna aliyeshangilia. Chepngeno alimwambia meneja, mbele ya wote, kwamba mjumbe wa baraza hawezi kukaa nje ya shamba, na kwa hiyo angependa tiketi yake iwekwe sahihi. Ikawekwa.

Si kila kitu kilinyooka baada ya hapo. Wiki mbili baadaye Kosgei aliondolewa kwenye ng'ombe wa maziwa, akapelekwa msituni kukata magogo. Familia yake iliamriwa kuhama nyumba ya wakamuaji. Walipewa mojawapo ya zile nyumba tupu zisizo na milango. Kosgei alitengeneza mlango kwa mabapa ya mbao yaliyotupwa. Usiku wa kwanza baridi iliingia kila upande, na ndugu wadogo wa Chelangat walilia. Baba yake hakumlaumu, lakini kwa muda hakuzungumza naye sana. Kipketer alibaki kuwa nyapara.

Katika kikao cha kwanza cha baraza Chepngeno aliomba kwamba lori litumike kumpeleka hospitali mgonjwa au mwanamke anayejifungua, bila kungoja amri. Ombi likakataliwa. Mwezi uliofuata aliomba tena, likakataliwa tena. Mwezi wa Oktoba aliomba mara ya tatu. Safari hii mjumbe wa matrekta alimuunga mkono, akafuata yule wa msitu. Meneja aliandika agizo, likabandikwa kwenye mlango wa stoo. Mwezi wa Novemba lori lilishusha magunia njiani ili kumpeleka Nakuru binti yake Bibi Tabutany. Alirudi baada ya siku kumi, mtoto akiwa mgongoni.

Jioni moja ya mwezi huo Chepngeno alibisha kwenye mlango wa mabapa. Tangu siku ya mkaguzi alikuwa hajasema na Chelangat ila salamu. Alikaa kwenye kigoda, akapokea kikombe cha chai, akamtazama msichana.

"Wengi wamekwambia yamekwisha," alisema. "Mimi siwezi kukwambia hivyo. Watoto wangu walilala juma zima juu ya vitu vilivyofungwa, kwa sababu ya penseli yako. Mama yako alibeba mzigo peke yake. Wanawake waliofanya kazi pamoja miaka kumi waliitana wasaliti."

Chelangat aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe. Lakini nataka uelewe ulichokiandika. Wewe uliona ni namba. Kila moja katika ile sitini na moja alikuwa mtu aliyekubali kulowa na kuogopa ili asikike mara moja katika maisha yake. Sisi hatuna bunduki, hatuna ardhi, na wengi wetu hatujui kusoma. Tulikuwa na hesabu tu, kwamba tuko wangapi. Anayeidanganya hesabu hiyo anatunyang'anya kitu pekee tulicho nacho. Aliyekutisha ana kosa kubwa kuliko lako. Hata hivyo, kusema kweli kulikuwa juu yako, na ulipoisema, ilikugharimu. Mlango huu naona ameutengeneza baba yako. Ukweli huwa na gharama, na mara nyingine wanaoilipa ni watu wa nyumbani. Usiache kuusema kwa sababu hiyo. Ila usiseme kamwe kwamba ni jambo rahisi."

Kutoka mfukoni mwa koti alitoa daftari jipya, gamba lake likiwa la bluu.

"Kila mwezi wanawake hunipa maneno ya kupeleka barazani, na kichwa changu hakiyawezi yote," alisema. "Nataka mtu wa kuniandikia. Utaandika nilivyosema, si unavyodhani nilitaka kusema. Kisha utanisomea, na nikisema umekosea, utafuta."

"Mimi?" Chelangat aliuliza. "Baada ya yote?"

"Wewe unajua uzito wa kuandika uongo. Wengine hawajaujua bado."

Tapkigen alisogeza taa karibu. Chelangat alifungua ukurasa wa kwanza, akaandika tarehe, akangoja. Chepngeno alifikiri kidogo, akaanza kusema polepole, na Chelangat akaandika neno kwa neno.